Jino la fedha usilitoe kwa sababu ya video

Haya wale wa nyuma sogeeni, viti vya mbele havina sindano. Najua wengi mmekuja na swali moja tu, dokta nina vizibo vya rangi ya fedha kwenye meno, nivitoe? Nimelijibu mpaka nyumbani nikianza kuongea wanatoka sebuleni, ila leo hamna pa kutokea.

Sifichi kitu. Amalgamu, ndo hicho kizibo cha rangi ya fedha, karibu nusu ya uzito wake ni zebaki, iliyobaki ni fedha, bati, shaba. Na mvuke inatoa, ukitafuna inatoa, na kama unasaga meno usiku inatoa zaidi. Anayekwambia haitoi kabisa anakudanganya. Lakini kwa watu wengi tunaongelea mikrogramu chache kwa siku, chukua gramu moja uigawe mara milioni ndo upate mikrogramu moja.

Sasa kuna mama mmoja alikuja, meno manne yanamuuma kwa mpigo. Manne! Nikamuuliza mama ilikuwaje, akatoa simu. Video, ya jino lenye kizibo hicho linafuka moshi kama mkaa mbichi. Basi alivyoiona akaenda mahali, sipataji, akachimbuliwa vizibo vyote vinne kwa kikao kimoja, mashine inazunguka kavu kavu, maji hamna, ile karatasi ya mpira ya kukinga mdomo hamna, mashine ya kunyonya hamna, yeye kaachama tu anavuta hewa. Nikamwambia mama, ile zebaki uliyokuwa unaikimbia umeivuta siku hiyohiyo. Akanyamaza kidogo akasema, "lakini si imetoka dokta". Jamani! Imetoka ndiyo, imepitia wapi? Mvuke ukishaingia kwenye mapafu unapita kwenda kwenye damu kirahisi, kuliko hata ungekimeza kipande chenyewe. Mliotoka Geita kwenye dhahabu mnanielewa, balaa kubwa liko pale mtu anapoichoma zebaki. Na vizibo vyake vilikuwa vizima, na kila ukichimba kizibo unakula na jino, ndo maana yalikuwa yanauma.

Mtasema, mbona Umoja wa Ulaya wamepiga marufuku? Wamepiga kweli, 2018 kwa watoto chini ya miaka 15, wajawazito na wanaonyonyesha, 2025 wakafunga kwa karibu wote. Ila hiyo inafuata Mkataba wa Minamata wa 2013, ule wa mataifa wa kupunguza zebaki, na wasiwasi mkubwa hapo ni zebaki inayoingia kwenye mito, kwenye samaki, mpaka ile inayotoka kwenye maiti zinazochomwa huko kwao. Ni kuhusu kuweka vizibo vipya, hakuna aliyesema kachimbue cha zamani. Marekani 2020 walishauri wajawazito, watoto, wenye figo mbovu wawekewe kitu kingine, na hapohapo wakasema kizibo kizima kiacheni. Na huko Lisbon, Ureno, watoto 507, wengine wamezibwa kwa amalgamu wengine kwa nyeupe, walifuatiliwa miaka 7, matokeo yakatoka 2006: zebaki kwenye mkojo ilipanda kwa wenye amalgamu, ndiyo, lakini kumbukumbu na umakini wao haukupishana na wenzao. Hii huwa haimo kwenye video.

Na nyie mnaoringia vizibo vyeupe msicheke. Ile ni plastiki yenye unga wa kioo, tunaigandisha kwa taa, na isipoganda vizuri dawa zake zinavuja kwenye mate, nyingi siku ya kwanza, na baadhi zina chembe za BPA, kemikali ileile ya kwenye plastiki ngumu. Kwa hiyo daktari amulike muda wote unaotakiwa, asikimbilie mteja anayefuata, aipanguse juu, wewe usukutue na uteme. Kuna madaktari wenzangu vidole vimechubuka kwa hizo dawa kabla hazijaganda, zinapenya hata glavu, na hilo hamna anayelirekodi video.

Nilitaka niongelee ionoma ya kioo, aina nyingine ya kizibo, hiyo inatoa floridi na tunataka itoe, inalinda jino, na siku hizi ndo inatumika kwenye ule uzibaji wa vifaa vya mkono bila umeme, ulioanzia hapahapa Tanzania miaka ya 80, lakini naonyeshwa saa. Haya. Kaka wa kofia umenyoosha mkono toka nianze, uliza, ila kama unataka kunionyesha simu, iweke mfukoni kwanza.