Ndizi ya Rehema na Mayai ya Shangazi

REHEMA: Karibuni. Okoth amekaa kimya tangu tuwashe maikrofoni, na najua kwa nini. Sema, kaka.

OKOTH: Mayai 60 ya shangazi kwenye mashine yangu ya kuangulia, dada. Siku ya 14, imebaki wiki moja tu yaanguliwe. Jumanne usiku mvua ilipiga hapa Tororo, mashariki mwa Uganda, asubuhi Mwamba wa Tororo wote umefunikwa na ukungu. Saa kumi na moja alfajiri shangazi ananipigia: "Okoth, mashine yako imepika mayai." Nafika, kioo kinasoma nyuzi 41. Mimi niliiacha kwenye 37.5.

REHEMA: Na hakuna aliyeigusa.

OKOTH: Alikuwa amelala. Kitufe cha kuongeza kimejibonyeza chenyewe.

REHEMA: Pole sana, wewe na shangazi. Alishaahidi watu vifaranga yule. Sasa, paneli ya vitufe vya kugusa umeileta, na mimi nimeleta ndizi.

OKOTH: Tena?

REHEMA: Tena. Leo ni bogoya, ndizi tamu, imeiva vizuri. Wapya wetu: kila paneli ya Okoth naipima kwa ndizi kabla ya kidole. Isome namba inayotoa.

OKOTH: Bila kitu, 610. Weka. Haya, 545.

REHEMA: Imeonekana! Eleza.

OKOTH: Nyuma ya plastiki kuna kipande cha shaba, ndiyo elektrodi. Chipu hii, MPR121, inasukuma mkondo mdogo unaojulikana kwa muda unaojulikana, mikroampea chache kwa mikrosekunde chache, halafu inapima volti imepanda hadi wapi. Ni kama kujaza maji kwenye chombo kwa mrija uleule, sekunde zilezile. Chombo kikipanuka, kina cha maji kinakuwa kifupi. Kidole kinaongeza pikofaradi chache za uwezo wa kuhifadhi chaji, chombo kinapanuka, namba inashuka.

REHEMA: Na ndizi nayo ina maji na chumvi, ni kidole.

OKOTH: Hapana, umeishika wewe! Chipu inakuona wewe kupitia ndizi. Ngoja, kuna uzi hapa. Tuining'inize, usiishike.

REHEMA: Mkia huu unateleza… haya, inaning'inia. Imegusa plastiki.

OKOTH: 604.

REHEMA: Sita tu?

OKOTH: Sita tu. Mwili wako ni mkubwa na umesimama sakafuni, ndiyo maana umeme una njia ya kurudi ardhini. Ndizi peke yake hewani haina pa kuupeleka. Hata kifaa cha betri kilicho juu ya meza ya mbao kinahisi vidole kwa udhaifu kuliko kilichounganishwa na ardhi.

REHEMA: Subiri, naigusa kwa ncha ya kidole huku inaning'inia.

OKOTH: 548. Umeona?

REHEMA: Nimeona, na imenifurahisha kweli. Tujaribu gonja, ndizi ya kupika?

OKOTH: Rehema, muda.

REHEMA: Gonja la kuchoma lina maji kidogo, nataka kujua.

OKOTH: Gonja wiki ijayo. Turudi usiku wa Jumanne. Waya wa IRQ ulishuka mara moja tu, saa tatu kasoro. Huo ndio waya wa kubisha hodi: hali ya kitufe ikibadilika, chipu inaushusha, maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo ya mashine, inakuja kwenye nyaya mbili za I2C ambazo chipu huzungumzia, inaita anwani 5A, inasoma baiti mbili za kwanza. Humo mna biti 12, kila elektrodi na biti yake. Ikishasoma, IRQ inaachiliwa. Biti ya kuongeza ilikuwa moja, na haikurudi sifuri. Programu yangu ikaona mtu ameng'ang'ania kitufe. Ikapanda nusu nyuzi, ikapanda, mpaka kwenye kikomo nilichoweka mwenyewe, 41.

REHEMA: Na namba ilikuwa ngapi?

OKOTH: 590. Plastiki ilikuwa na umande. Msingi, yaani namba ya bila kidole, niliuandika Februari, 610; kizingiti, yaani mshuko unaohesabiwa kuwa mguso, 12. Kwa hiyo kwa hesabu ya chipu, kidole kipo.

REHEMA: Kwa nini uliandika msingi kwa mkono? Ina uwezo wa kuufuatilia yenyewe. Hali ya hewa inakuja polepole, kidole kinakuja ghafla, na chipu inajua tofauti hiyo.

OKOTH: Mwaka jana niliiacha ifuatilie. Umeme ulirudi gunia la pumba likiwa limeegemea paneli. Chipu ikaamka, ikalihesabu gunia kuwa hewa. Tulipoliondoa, kitufe kikawa kiziwi.

REHEMA: Kikazinduka baadaye.

OKOTH: Baadaye! Mayai hayasubiri baadaye.

REHEMA: Kitufe kiziwi hakipandishi joto, kaka. Msingi wako wa Februari umeua mayai Aprili.

OKOTH: Kilichoua ni programu kukubali kitufe kushikwa usiku kucha. Hiyo nitaiwekea kikomo cha sekunde kumi. Lakini msingi nataka niujue, niuone, niupime tena kila msimu.

REHEMA: Uamke usiku na kila mvua?

OKOTH: Kama ni lazima.

REHEMA: Sikubali hata kidogo.

OKOTH: Wala mimi.

REHEMA: Tumebakiwa na dakika mbili. Ulikuwa na masomo matatu hapa kwenye karatasi: rizista za kuvuta juu, chipu nne kwenye nyaya zilezile, volti 3.3…

OKOTH: Hayafiki leo. Niseme tu, chipu hii msiipe volti tano, inakufa. Mengine yabaki.

REHEMA: Shangazi anasemaje?

OKOTH: Jirani amempa mayai 30. Kesho naipeleka mashine.

REHEMA: Ufuatiliaji umewasha au umezima?

OKOTH: Umezimwa.

REHEMA: Okoth!

OKOTH: Njoo na gonja lako, tutaanza mapema.