Nyekundu ya Ukutani: Kwa Nini Haikamatii

REHEMA: Karibuni tena jamani. Leo ni ile rangi ambayo watu wanaisifia kwenye simu, wakifika dukani wanarudi na krimu.

SALUM: Krimu haigombani na mtu, dada.

REHEMA: Ndiyo shida yake. Mimi nasema nyekundu, tena kuta zote nne.

SALUM: Nne! Nilijua utasema ule mmoja wa nyuma ya tivii.

REHEMA: Huo ndio unaoniudhi. Mmoja unapiga kelele, na hizo tatu nyeupe mchana zinaakisi wekundu hadi zinakuwa pinki-pinki. Bora uchukue sehemu ndogo, korido au pale penye meza ya chakula, upake pote.

SALUM: Watu watasema tumeiga Wazungu.

REHEMA: Nyumba ngapi za zamani hapa kwetu zina sakafu nyekundu? Saruji na oksaidi, inang'arishwa mpaka mgeni anateleza. Wekundu tunao miaka yote, tena tunaukanyaga.

SALUM: Haya. Na hao Wazungu nao walikuwa na vituko. Diana Vreeland, mhariri wa mitindo, miaka ya 1950 alimwambia mpambaji Billy Baldwin kwamba sebule yake ya New York anaitaka iwe bustani, lakini bustani ya motoni. Kuta zikavalishwa kitambaa chekundu cha maua, na zulia jekundu.

REHEMA: Yule alikuwa na kitambaa. Sisi wa rangi ya maji tuna kazi. Fundi anapiga mikono miwili, yaani anapaka mara mbili, ukuta una mabaka, mwenye nyumba anamwona mwizi wa rangi.

SALUM: Eeh, nyeupe mikono miwili inatosha kabisa.

REHEMA: Nyeupe ina titani, ule unga mweupe, ndiyo inayofunika. Nyekundu kali wakiitia titani ya kutosha inageuka pinki, kwa hiyo wanachanganyia kwenye besi, ile rangi ya msingi ya dukani, isiyo nayo, au yenye kidogo sana. Inabaki kupitisha mwanga. Dawa yake ni praima, ile ya kupaka chini kwanza, ya kijivu, siyo nyeupe, halafu mikono mitatu, pengine minne.

SALUM: Tupige hesabu basi. Chumba cha mita 3 kwa 4, kimo mita 2.7. Ukitoa mlango na dirisha, kama mita za mraba 33. Lita moja inapaka 10 hivi, kwa hiyo kila mkono unakula lita 3 na kitu.

REHEMA: Minne ni lita 13 na ushei. Nunua zote siku moja, zichanganywe kwenye ndoo moja. Kopo la kuongezea wiki ijayo linaweza lisifanane.

SALUM: Na taa?

REHEMA: Wengi wamefunga zile nyeupe za 6500K, zenye mwanga wa ubuluu. Chini yake nyekundu inapoa, inafifia. Weka za 2700K, zenye mwanga wa manjano, usiku ukuta unawaka. Kama huwezi kubadilisha, chukua damu ya mzee, inavumilia kuliko nyekundu ya pilipili.

SALUM: Ya kung'aa au mati?

REHEMA: Mati kwenye korido usithubutu, begi likigusa tu inaacha mstari mweupe. Chukua silki, ile inayong'aa kidogo, na ukuta uwe umenyooka, maana silki inaanika kila bonde.

SALUM: Mwenye nyekundu ya zamani ya mafuta anayetaka kuikwangua?

REHEMA: Hapo polepole, kaka. Nyekundu na njano za mafuta za zamani ndizo zenye sifa mbaya ya kuwa na risasi, yale madini yenye sumu. Kiwango kinachopendekezwa na Umoja wa Mataifa ni sehemu 90 kwa milioni tu. Usipige msasa mkavu, lowesha kwanza, funika pua, na watoto siku hiyo walale kwa bibi yao.