Baharia Mlevi na Mkulima wa Miwa

Walimu wenzangu, hamjambo. Wengi wenu mmeshanisikia nikilisema hili hapahapa Kisumu, na nawaona kule nyuma mnacheka kabla sijaanza. Chekeni tu. Nitanyamaza siku nitakaposahihisha mitihani nisikute mahali ule msemo wa Waingereza, kutumia pesa kama baharia mlevi, umefafanuliwa kuwa "mtu asiye na akili".

Maneno ya ubadhirifu Kiingereza kinayo tele: squander, splurge, blow. Kamusi mnazo, sitawasomea. Mimi namtaka baharia. Kwa nini awe yeye? Mbona si seremala, mbona si karani?

Tazameni alivyolipwa. Katika jeshi la majini la Uingereza la karne ya 18, baharia hakuwa na mwisho wa mwezi. Mshahara wake ulishikiliwa makusudi ili asitoroke, akaupata meli ilipomaliza safari, pengine baada ya mwaka, pengine zaidi. Na mshahara wenyewe! Mabaharia walipogoma mwaka 1797 pale Spithead, meli zinapotia nanga karibu na bandari ya Portsmouth, ulikuwa haujapanda kwa zaidi ya miaka 100. Haya, mtu huyo anashuka Portsmouth na malimbikizo mfukoni. Wenye vilabu wanamngoja, wanaomdai wanamngoja, na vikosi vya kukamata watu kwa nguvu na kuwarudisha baharini viko palepale bandarini. Angeweka akiba wapi? Kwenye Sacco ya mabaharia?

Mnacheka, lakini baharia huyo yuko Muhoroni. Mkulima wa miwa anangoja mwaka na nusu au zaidi muwa ukomae, anangoja ukatwe, kisha anangoja malipo. Siku pesa zikiingia, deni la mbolea limeshakatwa, karo inamkodolea macho, dukani daftari lina jina lake, na mashemeji wamepata habari kabla yake. Akilala mjini siku tatu, kijiji kizima kinamtungia hadithi. Sasa pandeni hadi Mudete, kule Vihiga, kwa wakulima wa chai. Wao hulipwa kidogo kila mwezi, halafu bonasi mara moja kwa mwaka. Vituko vyao mnavisikia lini? Msimu wa bonasi! Mtu ni yuleyule aliyekuwa akihesabu shilingi mwezi uliopita. Kilichobadilika ni jinsi pesa ilivyoingia.

Kuna anayenong'ona kwamba mzee anatetea walevi. Sitetei mtu. Nauliza tu, mbona nahodha hakutungiwa msemo? Meli ya adui ilipotekwa na kuuzwa, nahodha alichukua robo ya fedha, wakati mwingine zaidi, na mabaharia, hata wawe mamia, wakagawana robo nyingine. Nahodha akajenga jumba, akafuga farasi, akaitwa muungwana. Anayechekwa ni yule aliyemaliza vijipesa vyake kwa wiki moja. Na tafadhali asiinuke mtu kuniambia Waingereza pia wana "drunk as a lord", mlevi kama bwana mkubwa. Hapo wanamcheka bwana kwa pombe yake. Pesa zake hawajazigusa!

Kwa hiyo mkifundisha msemo huu darasani, mwulizeni mtoto kwanza: huyu alilipwa lini, na nani alishika pesa zake muda wote huo? Baada ya hapo ndipo ajaze pengo kwenye sentensi.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Basi prodigal, mbiombio. Kwa kuwa yule prodigal son wa Biblia sisi tumezoea kumwita "mwana mpotevu", wanafunzi wetu humbandika neno hilo yeyote aliyetoroka nyumbani kisha akarudi. Jamani! Ndani yake hamna kupotea wala kurudi. Ni mfujaji basi. Yule kijana wa Luka 15 angestahili jina hilo hata asingevuka mpaka wa boma la babake, mradi mali ameitapanya.

Msemo wao mwingine, kumwibia Petro ili kumlipa Paulo, yaani kulipa deni kwa deni jingine, nimeuacha, na neno spendthrift, yaani mbadhirifu, pia, ingawa namwona mwalimu mmoja hapa mbele ameliandika daftarini tangu asubuhi. Mama, njoo tulimalize kwenye chai.