Mboga ya mbegu haiingii sufuriani

Mwenyekiti asante, nimeona umeweka simu hapo mbele ndio nione saa, sawa, tutaona nani atashinda. Wamama, wazee wangu, na nyinyi vijana wa chuo mmekuja kwa sababu mliambiwa kuna chai, karibuni, chai iko lakini ni baadaye. Wengi wenu mlinisikia Njoro, wengine Kisumu pale karibu na Kibuye, mnajua vile nitasema, kwa hivyo sianzi na ati mboga za kienyeji ni nini na zina faida gani, hayo mnayajua na mko na vikaratasi vya mbegu kwa mapaja tayari kubadilishana. Mimi nataka tuongee juu ya kile kiko ndani ya hivyo vikaratasi. Na msikasirike, lakini mbegu nyingi humo imechaguliwa vibaya sana.

Wacha niulize. Mwenye ameleta saga, ile wengine wanaita mgagani, ama managu, yaani mnavu, ama mchicha. Hiyo mbegu ulitoa kwa shina gani?

Eeh? Sema kwa sauti mama. "Zile zilibaki." Haya, mmesikia. Zilibaki! Kila mahali naenda najibiwa hivyo hivyo, ukienda Vihiga zilibaki, ukienda Nyamira zilibaki, ukija hapa Nakuru town mtu ana kijishamba nyuma ya nyumba, zilibaki.

Sasa tufikirie pamoja polepole. Saga ni mboga ya nini? Ya majani. Hauli maua, hauli maganda, unakula majani. Na shina la saga likishaanza kutoa maua majani yanakuwa madogo, yanapungua, basi, limemaliza kazi yake na wewe. Kwa hivyo saga nzuri ni ile inakaa muda mrefu ikitoa majani kabla ya kufikiria maua. Hiyo ndio kila mtu anataka. Na unafanya nini na hiyo? Unaichuma. Unachuma Jumatatu, unachuma Alhamisi, mgeni akija unachuma, mwishowe inachoka unaing'oa. Na kale kengine kalitoa maua kakiwa kama hivi, hakafiki goti, hakana majani ya kushika, hako nani atachuma? Hakuna. Kanakaa hapo kando ya ua kanakomaa maganda yake vizuri bila kusumbuliwa na mtu, halafu siku moja unapita unasema ai, kumbe niko na mbegu! Unakunja kwa karatasi unaleta hapa kupatia jirani.

Yaani ile bora umeipeleka sufuria na ile mbaya umeipeleka kwa kasuku, ule mkebe wako wa mbegu. Na unarudia msimu ujao. Na ujao. Halafu unaniambia mbegu imechoka.

Kuna mama mmoja huko Lanet, ameniruhusu nimtaje lakini jina ameniambia niache, yeye ni wa kutoka Kisii na saga kwao si mchezo. Aliolewa akapewa mbegu na mamamkwe, mbegu ya huyo mzee ilikuwa na sifa, majani mapana, shina nene, unachuma mpaka unachoka. Akaja nayo Nakuru. Miaka ikaenda, saga ikaanza kufupika, inachipuka tu kidogo inatoa maua. Akasema ni mchanga wa Nakuru. Akaweka mbolea ya ng'ombe, ikatoa maua. Akaweka ya kuku, ikatoa maua haraka zaidi. Akasema ni baridi, na hapo alikuwa na haki kidogo kwa sababu saga ni mmea wa joto, ukiipeleka Molo inakaa tu ikitetemeka, lakini Lanet si Molo. Mwishowe akaanza kumlaumu mamamkwe ati alimpatia mbegu ya pili, ile nzuri akaweka ya watoto wake wa kike. Mnacheka lakini hiyo maneno ilifika mpaka kwa kikao cha familia, watu wazima wamekaa wanajadili saga.

Nilipoenda kumuona nikamuuliza hilo swali tu nimewauliza nyinyi. Akanipeleka kwa ua, akanionyesha kwa furaha sana, mwalimu hizi ndio zangu za mbegu, zinakomaa haraka kuliko zingine zote. Haraka kuliko zingine zote! Kwa mdomo wake. Mamamkwe wa watu alisingiziwa bure, huyu mama mwenyewe ndiye alikuwa anafundisha saga yake kukimbilia maua, msimu baada ya msimu, na ilikuwa mwanafunzi mzuri, ilishika somo.

Sasa tukafanya nini, na hii ndio nataka muandike, simu wekeni chini. Moja, wakati saga bado ni changa unapita unaangalia. Ile imeharakisha maua kabla ya wenzake, ng'oa. Leo leo. Usingoje, kwa sababu nyuki hawaulizi, watatoa chavua hapo watapeleka kwa ile nzuri na mbegu ya ile nzuri itakuwa imechanganyika na tabia ya huyu mwenye haraka. Hizo ulizong'oa ndio za sufuria, hakuna hasara. Mbili, zile zimekaa na majani mengi, hazina madoa, hazijajikunja, funga kitambaa. Kipande cha leso, uzi wa sweta, chochote chenye kinaonekana. Hiyo yenye kitambaa haichumwi. Haichumwi hata kidogo, ama kama lazima, mara moja mapema halafu unaacha. Tatu, ziwe nyingi. Mtu anaacha shina moja anasema niko na mbegu, shina moja ni ukoo wa mtu mmoja, acha kumi na tano, acha ishirini, utoe kidogo kidogo kwa kila moja uchanganye.

Huyo mama alifunga. Halafu wageni wa bwana wakaja jioni, yeye yuko kwa maombi, bwana akaona saga imenona imefungwa vitambaa akadhani ni za kuuza, akatoa kisu. Kwa hivyo nne, ambia watu wa nyumba yako! Ilibidi aanze tena. Lakini aliendelea, na sasa hivi saga yake inakaa, hata mamamkwe amemuomba mbegu, na hiyo ndio ilimaliza ile kesi.

Najua kuna mtu ananiangalia hapo nyuma anasema mwalimu hayo ni ya watu wenye shamba, mimi niko na kiploti, nikiacha mashina ishirini ya saga na ishirini ya managu na ya kunde nitakula nini, nitakula vitambaa? Ni swali la haki. Na jibu lake ndio sababu tuko hapa. Usitunze zote! Nani alikuambia utunze zote? Wewe tunza saga peke yake, uitunze vizuri, jirani atunze managu, yule wa chini kwa mto atunze nderema, ile mboga ya kutambaa, halafu mkutane mbadilishane. Kubadilishana mbegu si ile ya kuonyeshana nani ana kibuyu kizuri, ni kugawana kazi. Lakini sasa nikikupatia mimi saga yangu nimefunga vitambaa msimu mzima na wewe unanipatia managu ya zilibaki, hapo umeniibia. Sijui neno lingine.

Na mwingine anauliza kama hii si hatia, ati mtashikwa. Hiyo nilikuwa naulizwa kila mahali na watu walikuwa na haki ya kuogopa. Sheria ya mbegu ilirekebishwa 2012, ikawa mkulima kuuza ama kubadilishana mbegu haijasajiliwa na kuthibitishwa anaweza kupigwa faini hadi shilingi milioni moja, ama jela hadi miaka miwili, ama vyote. Milioni moja kwa kijiko cha mrenda! Na hali katiba yetu ya 2010 kifungu cha 11 inasema Bunge litunge sheria ya kutambua na kulinda mbegu za asili na matumizi yake kwa jamii. Basi wakulima 15 wakaenda kortini 2022, na Novemba 2025 Mahakama Kuu ikasema hivyo vipengele vya kuadhibu wakulima vinapingana na katiba. Kwa hivyo tulieni. Lakini msije mkachapisha paketi mkaweka picha ya nyanya mkauza sokoni mkijifanya kampuni, hiyo ni udanganyifu na mimi sitakuja kuwatoa seli.

Ya haibridi, ile mbegu ya kuchanganya aina mbili, pia niimalize haraka kwa sababu itakuja tu. Watu husema mbegu ukitoa kwa nyanya ya haibridi haioti. Inaota, bana, inaota vizuri sana. Shida ni kwamba watoto hawafanani na mama, mmoja mkubwa mmoja mdogo, mmoja anashikwa na ugonjwa mwingine hashikwi. Kula mwenyewe ukitaka, lakini usilete hapa uandike jina la ile paketi, mtu atategemea.

Haya, saga bado sijaimaliza, mwenyekiti usinyanyue mkono, ni kitu kimoja tu kwa sababu kinaleta vita. Mbegu ya saga ikitoka shambani inalala. Ukiivuna leo ukapanda wiki ijayo inaota kidogo ama haioti kabisa, inataka kukaa miezi mitatu, minne, wakati mwingine zaidi, ndio iamke. Sasa mtu anapewa hapa mbegu mpya kabisa, anapanda kesho, haioti, anapigia mwenzake simu ulinipea mbegu imekufa, na urafiki umeisha. Andika mwezi wa kuvuna! Kila karatasi iwe na jina la mboga, pahali ilitoka, mwezi na mwaka ilivunwa, na mashina mangapi yalitoa hiyo mbegu. Jina andika vile mnaita kwenu, hata zote, kama ni apoth andika apoth, kama ni murere andika murere, huyu wa hapa atajua ni mrenda. Pahali pia ni lazima, kwa sababu kitu kimezoea joto la Ahero hakitafurahia Mau Narok na si makosa ya mwenye kupeana.

Na mrenda kwa vile nimeutaja, ganda la mbegu ni gumu maji hayaingii, funga kwa kitambaa, tumbukiza kwa maji yametoka kuchemka, hesabu mpaka kumi, toa, weka kwa baridi. Si supu, msichemshe. Managu ngoja matunda yaive yalegee, yaponde kwa maji, acha yakae siku moja mbili, osha mpaka ule utamu na utelezi uishe wote, zenye zinazama ndio zako, anika kwa sahani kivulini, si kwa gazeti zitagandana nalo. Maganda ya saga kata yakigeuka manjano kabla hayajapasuka, weka kichwa chini ndani ya mfuko, ukingoja yakauke shambani mbegu zitamwagika, utaokota na nini, na kibano?

Sukuma mtaniuliza, kila siku naulizwa. Sukuma inataka baridi ndio itoe maua. Huko juu Molo na Timboroa utaona maua, hapa Nakuru labda, Kisumu utangoja mpaka Yesu arudi. Huko panda machipukizi ya kando, ama hamia kanzira, ndugu yake sukuma, hiyo inatoa mbegu bila maringo.

Malenge, nyuki watachanganya na ya jirani, ukipanda mbegu yako halafu ukipika malenge yake ukionja ni machungu, tema, usijilazimishe, hiyo uchungu inaweza kukuumiza tumbo. Kunde ng'ata moja, ikivunjika kama kokoto imekauka, ikibonyea rudisha juani. Changanya na jivu lililopoa, funika vizuri, na hiyo kasuku isikae jikoni karibu na moshi na mvuke, weka pahali pa baridi na pakavu.

Mzee pale ameleta viazi, nimeviona kwa gunia. Mzee wangu, pole, hivyo havitagawanywa leo. Mnyauko wa bakteria unatembea ndani ya kiazi kinachoonekana kizima kabisa, na kwa udongo umeshikana nacho, huo ugonjwa ukiingia shamba la mtu unamaliza viazi vyake na nyanya zake na hautoki haraka. Hapa tunabadilishana mbegu kavu na safi. Maharagwe pia, kama majani yalikuwa yamejikunja yana mabaka ya manjano, hiyo ni virusi na inaweza kukaa ndani ya mbegu, pika.

Nilitaka kusema juu ya kupima uotaji, mbegu kumi kwa tishu yenye maji, lakini mwenyekiti sasa amesimama. Nitawaonyesha wakati wa chai, mwenye anataka anifuate.

Meza ya saga iko upande wa dirisha, managu na mchicha hapa mbele, kunde na mitoo kule mlangoni. Katibu ako na kalamu na vipande vya karatasi, mwenye mfuko wake hauna mwezi wala pahali apitie kwake kwanza. Na mwenye mbegu yake ni ya zilibaki, hatumfukuzi, lakini aandike hivyo hivyo, zilibaki, na kama kuna mtu ataichukua achukue akijua.

Mzee wa viazi njoo tuongee.