Mashine ya Nyasi ya Kupanda na Kuendesha Inakata Ngazi Ngazi? Anza na Upepo wa Tairi

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Malindi, na majirani zetu wa Watamu na Mambrui. Hamjambo nyote? Niko karakana hapa Ohio, na hii nyuma yangu ni mashine ya kukata nyasi, ile ya kupanda na kuiendesha. Video ya leo ni ya vijana mnaotunza bustani za Casuarina na Silversands, hapo Malindi.

Mpwa wangu amenitumia klipu ya bustani anayofanyia kazi. Nyasi zimekatwa, lakini mstari mmoja uko juu, mwengine chini, hadi ukutani. Akaniandikia, "Mjomba, tajiri asema mimi sijui kuendesha." Nimeitazama klipu ile mara kwa mara. Anaendesha sawasawa. Mashine ndiyo imeinama upande mmoja, na yaniuma kumuona kijana akilaumiwa kwa tairi lisilo na upepo.

Haya, sikilizeni. Visu vimefungwa ndani ya deki, lile bati kubwa la chini. Deki imening'inia kwenye fremu, na fremu imekaa juu ya tairi. Tairi moja likilegea, kila kitu kinalala upande huo, visu navyo. Kwa hivyo usishike spana kabla ya kupima upepo. Wengi huanza kwa kukaza nati, kisha siku tairi likijazwa, deki inalala upande wa pili.

Mashine nyingi za nyumbani hutaka karibu PSI 14 (kipimo cha upepo kwenye geji) mbele na 10 nyuma, ila angalia kitabu chake; namba iliyo ubavuni mwa tairi ni ya upepo wa mwisho, usiipite. Kubwa ni kulia na kushoto vilingane. Na tafadhali, usiipeleke kwenye kompresa ya malori. Tairi hizi ni ndogo, hujaa kupita kiasi kabla hujageuza shingo. Pampu ya baiskeli na geji vinatosha. Kwetu miiba haikosi, basi pitisha macho kwenye tairi zote nne.

Sasa tunaingia chini ya mashine, na hapa sitaki mzaha. Zima injini, toa ufunguo, vuta breki, acha ipoe, kisha chomoa waya wa plagi, ile inayowasha injini, na uuweke mbali na plagi. Kisu kikizungushwa kwa mkono huku waya umo, injini inaweza kuanza ghafla, na vidole havioti tena. Vaa glovu nzito.

Kwanza kwangua nyasi zilizoganda. Wakati wa masika nyasi mbichi hujazana humo mpaka upepo wa kisu hauna pa kupita. Kisha tazama kisu chenyewe. Ukingo wake wa nyuma umekunjwa juu karibu na kila ncha, hilo ni bawa. Bawa ndilo linalovuta hewa na kuyasimamisha majani yakatwe. Udongo wetu ni mchanga, na mchanga unalila bawa polepole kama msasa. Nimeona visu vyenye makali mazuri kabisa lakini bawa limebaki jembamba la kuonea mwanga. Kisu hicho kinalaza majani badala ya kuyakata, na hata ukikinoa mara kumi hakitafaa. Nunua kingine.

Pia angalia kama kimepinda. Mizizi ya mvinje na mawe ya matumbawe hayasamehe. Pima kutoka ncha moja hadi sakafuni, zungusha kisu nusu duara, pima ncha ya pili palepale. Tofauti ikizidi milimita 3, kisu kimepinda. Usikinyooshe kwa nyundo, maana chuma kilichopigwa kinaweza kukatika kikiwa kasini.

Sasa ndiyo tupime deki. Weka mashine kwenye sakafu ya saruji iliyonyooka. Kabro haifai, haijalala sawa. Deki iwe kwenye kimo unachokatia siku zote. Geuza visu vielekee kulia na kushoto, upime kutoka ncha ya nje hadi chini, kila upande. Pima kwenye kisu, siyo ukingo wa bati, kwa sababu bati hubonyea. Pande mbili zisipishane zaidi ya milimita 3. Zikipishana, kuna nati kwenye vyuma vinavyoning'iniza deki. Kwetu chumvi ya bahari hushika kila nati, basi paka mafuta ya kulainisha, subiri, ndipo ugeuze kidogo kidogo na kupima tena.

Halafu elekeza visu mbele na nyuma. Kwa mashine nyingi, mbele huwa chini kuliko nyuma kwa milimita chache, 3 hadi 6 hivi, ila fuata kitabu cha mashine yako. Nyuma ikishuka zaidi, majani hukatwa mara mbili na mashine huchoka bure.

Andika vipimo hivyo kwenye karatasi, umpe tajiri. Mwenye mashine akiona namba, mazungumzo hubadilika.

Rudisha waya wa plagi, kata kipande kidogo kikavu. Akseleta iwe juu kabisa ili visu vizunguke kwa nguvu, lakini gia iwe ya taratibu. Ukikimbia, majani hulazwa na tairi na visu vinayaruka. Kila mstari ulalie kidogo ule uliopita.

Vipimo vikiwa sawa na ngazi bado zipo, zima, chomoa waya tena, ushike kisu ukitikise juu na chini. Kikicheza, beringi zimekwisha. Hapo muite fundi, na mwambie umeshapima tairi, visu na deki, asije akakutoza kwa hayo.