Gari Halianguki kwa Uzito: mhadhara uliotolewa uani kwa gereji, Nyakato, Mwanza

Mwangaluka, ndugu zangu. Nashukuru mmefika mapema kabla jua halijawa kali. Hili gari dogo hapa mbele, Toyota IST, limesimama kwa magurudumu yake manne. Tukimaliza litakuwa limenyanyuliwa na kushushwa mbele ya macho yenu. Sikuja kuwafundisha ufundi mzima. Nimekuja kwa ajili ya yule anayeingia chini ya gari lake nyumbani siku ya Jumapili, kumwaga oili au kuangalia bushi, ili atoke humo akiwa mzima.

Nianze na mawe, maana tuko Mwanza. Ukisimama ufukweni ukaliangalia Jiwe la Bismarck, unaona jiwe kubwa limekaa juu ya mengine kama limepachikwa na mtu. Limekaa hivyo tangu kabla ya mababu wa mababu zetu, mvua inalipiga, upepo wa ziwa unalipiga, nalo lipo. Sisi tuliolelewa katikati ya mawe haya tumejikuta tunaamini kwamba kilichokaa juu ya jiwe kimekaa. Ndiyo maana fundi wa hapa akikosa stendi, ile miguu ya chuma inayobeba gari likishanyanyuliwa, mkono wake unakwenda kwenye jiwe. Na jiwe letu ni gumu kweli, gari lako halitalipasua. Lakini lile la ziwani hakuna mtu aliyelala chini yake akivuta spana namba 17 kwa nguvu zake zote.

Hapo ndipo penye neno langu la leo. Gari halianguki kwa sababu ni zito. Linaanguka kwa sababu limesukumwa pembeni. Uzito ndio unaoua, ila hauanzishi ajali.

Tupige hesabu kidogo. Gari kama hili lina uzito wa karibu kilo 1,000. Injini iko mbele, kwa hiyo zaidi ya nusu ya uzito iko mbele. Tuseme kilo 600. Ni magunia sita ya mahindi. Ukiinua mbele na kuweka stendi mbili, kila moja inabeba magunia matatu. Stendi ndogo za tani mbili zinabeba mzigo huo bila kulalamika. Hata tofali zima la saruji, ukiliwekea magunia matatu taratibu, pengine litavumilia. Basi mbona magari yanawaangukia watu?

Nitawaambia yaliyonipata. Mwaka 1991 nilikuwa kijana wa gereji kule Igogo. Nilikuwa chini ya Peugeot 504, nimeiinua kwa jeki ya chupa, na kwa akili yangu ya wakati ule nikaongeza matofali mawili chini ya bodi, nikaona nimejikinga. Boliti ilikuwa imeshika kutu. Nikachomeka bomba kwenye spana, nikakanyaga tairi kwa mguu, nikavuta. Boliti ilipoachia, gari zima lilitikisika. Sikusikia jeki ikiteleza, nilisikia tofali likisagika. Gari likashuka kwa kishindo, likasimama sentimita chache juu ya kifua changu, kwa sababu mzee aliyekuwa ananifundisha alikuwa na amri moja tu isiyo na mjadala: tairi ukilitoa, lilaze chini ya ubavu wa gari. Nililaza tairi lile kwa kumwogopa mzee, wala si kwa kuelewa. Rimu ilipinda. Mimi nipo hapa naongea nanyi.

Tofali la saruji halitoi taarifa. Mbao hulia kwanza, chuma hupinda kwanza, lakini tofali limekaa zima, na dakika inayofuata ni vumbi, hasa likibanwa na ncha ya chuma sehemu moja. Msiliweke chini ya gari, hata kwa dakika mbili, hata kama jirani amefanya hivyo miaka kumi.

Sasa jeki. Jeki ni ya kunyanyua. Kazi ya kubeba ni ya stendi. Hii jeki ya mafuta mnayoiona, kinachoshikilia gari ndani yake ni mafuta yaliyobanwa, na kinachoyazuia mafuta yasirudi ni sili ya mpira na gololi ndogo inayoziba tundu. Chembe moja ya mchanga ikikaa kati ya gololi na tundu lake, mafuta yanarudi polepole na gari linashuka huku wewe unatafuta bisibisi. Sili ikichanika, halishuki polepole. Na ile jeki ya mkasi inayokuja na gari ilitengenezwa ili ubadilishe tairi kando ya barabara, ukiwa umechuchumaa nje. Haikuwahi kutengenezewa mtu wa kulala chini.

Kabla ya kugusa jeki, lizuie gari lisitembee. Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu hata mafundi wazoefu wanakosea. Mtu anavuta handbreki, anaweka gia kwenye P, ile ya kuegesha, anasema limefungwa. Handbreki ya magari mengi inashika magurudumu ya nyuma. Ukiinua nyuma, inashika magurudumu yanayoning'inia hewani, na gari linabaki limesimama juu ya mawili ya mbele. Haya, P je? P inafunga giaboksi, na kwenye gari hili giaboksi inaendesha magurudumu ya mbele. Lakini kati ya giaboksi na magurudumu kuna difu, yale meno yanayoruhusu magurudumu mawili yazunguke kwa kasi tofauti. Ukiinua gurudumu moja tu la mbele, difu inaliruhusu lile la hewani lizunguke kinyume, na lile lililogusa ardhi liko huru kuviringika. P haikuwa inafunga chochote. Kwenye Hiace mambo ni yaleyale kwa nyuma: ukiinua gurudumu moja la nyuma ukategemea gia, gari linaweza kuondoka juu ya jeki.

Kwa hiyo ni kabari, kila mara. Utingo wa Fuso zinazopakia dagaa pale Mwaloni Kirumba analijua hili vizuri kuliko wenye magari madogo. Lori likisimama kwenye mteremko, yeye ameshashuka na kabari imeshaingia. Ukiinua mbele, kabari zinakwenda kwenye magurudumu ya nyuma, mbele na nyuma ya kila gurudumu. Ukiinua nyuma, zinakwenda mbele. Kabari ya mbao iliyokatwa mshazari inatosha, na hapa ndipo jiwe la Mwanza lina kazi halali, likiwa kubwa na likikaa vizuri chini ya tairi.

Kuna mama ameinua mkono kule nyuma. Karibu mama. Anasema anakaa Mabatini, juu mlimani, na uwanja wake wote umeinama, afanyeje? Mama yangu, nitakujibu bila kuzunguka: pale kwako tairi linaweza kubadilishwa, kabari zikiwa imara na nati zikiwa zimelegezwa gari likiwa bado chini. Lakini mtu asiingie chini ya gari pale. Stendi ikiwa juu ya mteremko tayari gari linaivuta upande mmoja kabla hujagusa spana. Shusha gari, tafuta sakafu ya jirani, uwanja wa kanisa, hata gereji kama hii ukaomba nafasi. Najua ni usumbufu.

Ardhi yenyewe nayo itazamwe. Miguu ya stendi ni myembamba, na uzito wote unapita hapo. Kwenye udongo, hasa wakati wa masika, mguu mmoja ukizama kidogo stendi nzima inainama. Weka ubao mnene, mpana, mkavu chini ya kila stendi, usio na ufa. Na jeki hii ya magurudumu ina tabia yake: mkono wake haupandi wima, unapanda kwa kupinda, kama mkono wa mtu anayenyanyua ndoo. Ni lazima jeki isogee kidogo au gari lisogee. Kwenye sakafu jeki inaviringika yenyewe. Kwenye udongo vigurudumu vyake vinazama, haviendi, na kichwa cha jeki kinateleza chini ya gari. Nayo iwekewe ubao, mrefu wa kutosha iweze kutembea.

Jeki na stendi haziwezi kukaa mahali pamoja, kwa hiyo fikiria zote mbili kabla hujainua. Hapa mbele, jeki inakaa kwenye kile chuma kinene cha katikati kinachobeba injini, halafu stendi zinakwenda pembeni, kwenye mshono wa chini ya milango, kati ya zile alama mbili za kukatwa. Kitabu cha gari kinaonyesha pale hasa. Gari lenye chesisi, kama Hilux au Land Cruiser, weka stendi chini ya chesisi. Hiace nyuma, chini ya ekseli. Msiinue kwenye sampu ya oili, wala chini ya giaboksi, wala kwenye sakafu ya bati. Na gonga kwanza mahali hapo kwa bisibisi. Magari mengi yaliyotumika tunayonunua yametoka Japani, na yale yaliyotembea maeneo ya baridi yamekula chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha theluji. Kwa juu yanang'aa, kwa chini mshono umekuwa biskuti. Bisibisi ikizama, hapo stendi haikai.

Kijana, niletee zile stendi mbili. Asante. Hii ya kwanza ni ya meno, ukivuta inapanda na ulimi wa chuma unaingia kwenye jino. Hii nyingine ni ya pini, unachomeka pini nene kwenye tundu. Mimi napenda ya pini, kwa sababu macho yangu yanaona kilichobeba gari. Ya meno ni nzuri pia, mradi uhakikishe ulimi umeingia wote, mkono umebanwa chini, na uigonge kidogo kwa ngumi uone kama inaruka. Mwaka 2020 huko Marekani stendi za meno zaidi ya milioni moja ziliitwa zirudishwe dukani, kwa sababu ulimi uliweza kutoka kwenye jino gari likiwa juu. Zilikuwa mpya, zenye lebo, za dukani. Kwa hiyo upya wa kitu usikutoshe.

Na hizi za kuchomelea, zinazotengenezwa na vijana wetu? Sizikatai. Nimetumia nyingi. Lakini nazitaka ziwe na miguu minne iliyotanuka, na weldi iliyozunguka bomba lote, si ile ya kushikiza nukta mbilimbili. Kichwa kiwe na kingo za kuzuia gari lisiteleze. Ukiona ufa kama unywele kwenye weldi, hiyo imeshakuwa chuma chakavu. Stendi zote mbili ziwe sawa kwa urefu, na ziwe fupi kadiri kazi inavyoruhusu. Kila sentimita unayoongeza juu, msukumo wa pembeni unapata nguvu zaidi ya kuiangusha.

Gari likishakaa kwenye stendi, usiingie bado. Simama ubavuni, weka viganja kwenye madigadi, lisukume. Lisukume kwa nguvu, kushoto na kulia, mbele na nyuma, kwa nguvu kuliko utakavyovuta spana. Kama litaanguka, na lianguke sasa, mkiwa nje nyote. Mtu ananiambia, fundi, naogopa kulisukuma lisije likaanguka. Ndugu yangu, kama unaogopa kulisukuma ukiwa umesimama, utalalaje chini yake? Likitulia, rudisha jeki iguse tu kwa wepesi, laza tairi ulilotoa chini ya ubavu, waondoe watoto, na mtu mzima mmoja awe karibu anakusikia. Boliti iliyokataa isivutwe ukiwa chini kwa bomba la mita moja. Ipige oili ya kutu, isubiri, au ilegeze gari likiwa bado chini kama inafikika.

Kijana huyu anauliza, na swali lake ni zito: likimwangukia mtu? Msilikimbilie kwa mikono, mkilishindwa linamrudia mara ya pili. Jeki ya pili, ndiyo maana naomba nyumba yenye stendi iwe na jeki mbili. Mmoja anainua, mwingine anasogeza mbao na tairi chini kadiri linavyopanda, wa tatu anapiga 114, Zimamoto na Uokoaji. Akiwa amebanwa kifua hakuna kusubiri mtu, hawezi kuvuta pumzi. Inueni mara moja. Akiwa amebanwa paja au kiuno, kumbukeni saa. Nyama iliyobanwa kwa muda mrefu inakusanya sumu, na mzigo ukiondoka sumu hiyo inaingia kwenye damu, inaumiza moyo na figo, hata kama mtu anaongea na anasema yuko salama. Mkimfikisha hospitali ya Bugando waambieni amebanwa tangu saa ngapi. Daktari anahitaji kulijua hilo.

Haya. Kabari ziko tayari, nati zimelegezwa, ubao uko chini. Kijana, shika mkono wa jeki, panda taratibu. Wengine rudini nyuma hatua tatu. Mama wa Mabatini, wewe njoo hapa ubavuni na mimi. Likikaa kwenye stendi, wewe ndiye utakayelisukuma.