"A while" au "awhile"? Tuandike pamoja

Karibu, ndugu mtazamaji. Leo niko Kamanga Feri, hapa Mwanza mjini. Nyuma yangu abiria wanasubiri kivuko cha kwenda upande wa Sengerema, na kusubiri kwao ndiko kutakakotupa mifano. Chukua daftari.

Andika: "We waited for a while." Tulisubiri kwa muda. Angalia neno lililotangulia, "for". Ukikuta "for", "in" au "after", tenganisha: "a while". Hapa "while" ni nomino, kama "muda" kwetu, na "a" imekaa mbele yake kama inavyokaa mbele ya "boat".

Sasa futa "for", uandike: "We waited awhile." Maana ni ileile, ila neno limeungana, limekuwa kielezi. Tusiende haraka hapa, maana ndipo wengi wanapoteleza. "Awhile" peke yake ni "kwa muda". Ile "kwa" imo ndani tayari. Ukiandika "for awhile" ni kama umesema "tulisubiri kwa kwa muda". Na simu yako huenda isipige mstari mwekundu, kwa sababu "awhile" ni neno halali. Ni jicho lako litakalolikamata.

Ukisita, weka "for a while" mahali pa "awhile". "Sit awhile" inakubali. "It took awhile" inakataa, kwani hakuna "it took for a while". Andika "it took a while". Kitambo kilichopita ni "a while ago", daima maneno mawili.

Kuna na ndugu zake. Tuseme unauza dagaa Mwaloni, Kirumba, na mteja wa nje anauliza mzigo wake. "It will take some time": utachukua muda. "It will arrive sometime next week": utafika siku fulani wiki ijayo. Ya kwanza ni urefu wa muda, ya pili ni wakati usiotajwa. "Sometimes", yenye "s" mwishoni, ni "mara nyingine". Ila mimi nakuomba, mteja aliyekwisha kulipa mwandikie siku yenyewe, Jumanne au Alhamisi. "Sometime" humnyima usingizi.

Haya, kivuko kinakaribia gati. Kabla hakijafungua mlango, andika sentensi mbili za kusubiri, moja yenye "for" na nyingine isiyo nayo, kisha zisome kwa sauti.